Nyimbo za Kusagia za Bibi Paskalina

Harufu ya moshi wa jenereta hunirudisha kijijini Masieda, kwenye ua wa bibi yangu Paskalina, Jumapili moja baada ya misa. Nilikuwa na miaka tisa. Mjomba Safari, aliyekuwa mwalimu Mbulu mjini, alikuwa amekuja na jenereta, televisheni, deki na mkanda mmoja wa video. Majirani walijaa, wamejitanda mashuka kwa baridi, wakitarajia filamu ya mapigano.

Haikuwa ya mapigano. Ilisimulia historia ya muziki wa watu weusi wa Marekani, ambao mababu zao walichukuliwa Afrika wakauzwa utumwani. Kwa kuwa ilikuwa ya Kiingereza, Mjomba alisimama pembeni akitafsiri, na vijana wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu waliokumbuka ng'ombe. Mimi nilibaki kwa sababu bibi alikuwa amenishika mkono.

Ndipo kwenye televisheni akatokea mwanamke mzee, amekaa barazani kwake anamenya maharage huku anaimba. Aliimba mstari mmoja, wenzake wakaitikia. Mbele yake alikaa mwanamume mwenye mashine ya kurekodi, ametulia kama mtoto wa shule.

Bibi akaniachia mkono. "Safari, rudisha hapo."

Mjomba akarudisha. Bibi akatazama mara tatu.

"Anaimba nini huyu mama?"

"Wimbo wa shambani, mama. Bibi zake waliuimba wakichuma pamba."

"Tangu utumwani hawajaupoteza?"

"Hawajaupoteza."

Bibi akamgeukia Mjomba. Tangu mashine ya kusaga ilipofika kijijini, hakuna aliyemsikia akiimba; nyimbo za kwenye jiwe la kusagia zilikoma pamoja na kazi yenyewe. Kisha akasema, "Mimi nimekaa na zangu miaka yote hii, hakuna aliyeniuliza. Lete redio."

Redio ya Mjomba iliweza kurekodi, lakini nyumbani kulikuwa na kaseti moja tu: kwaya yetu ya watoto, Krismasi, mimi nikiwa mwanzishaji wa nyimbo. Nilikuwa nimeicheza mpaka nadhani mbuzi waliijua. Kurekodi juu yake kungeifuta. Nikaikumbatia.

"Hii ni yangu!"

Mama akanitolea jicho. Bibi hakukasirika. Alininyooshea mkono tu. "Mjukuu wangu, nipe."

Nikampa, nikakimbilia zizini kulia.

Huko huko nikamsikia. Aliimba kwa Kiiraqw, lugha yetu, sauti nzito, isiyo na haraka, ikienda mbele na kurudi kama mikono ya mtu anayesaga. Wanawake wakaitikia, na kati yao nikaitambua sauti ya mama, ambaye sikuwahi kujua kama anayajua maneno yale. Nililia zaidi, maana ilikuwa nzuri kuliko kwaya yangu.

Bibi alifariki kabla ya mavuno ya mwaka uliofuata. Siku hizi kazi yangu ni kutengeneza filamu za historia, na nimewarekodi wazee wengi, kuanzia Mbulu mpaka Hirbadaw. Nyimbo mbili za bibi sijazisikia kwa mtu mwingine yeyote.

Siku ile niliamini nimenyang'anywa. Ukubwani ndipo nilipoelewa: mimi nilikuwa na Krismasi nyingi mbele yangu za kuimba. Bibi alikuwa ameshaanza kuzihesabu zake zilizobaki.