Imeondolewa na Nani?

Bi Pindo alikuwa fundi cherehani, na kwa kola mtaa mzima hakuwa na mpinzani. Siri yake waliijua wawili tu, mkwewe, yaani mke wa mwanawe, na shoga yake mmoja: kola zile alizitoa kwenye filamu za zamani. Kila alasiri aliwasha kile kidude kilichochomekwa nyuma ya televisheni, akafungua chaneli ya filamu nyeusi na nyeupe, akakaa na penseli mkononi. Bibi wa kwenye filamu akigeuka tu, yeye huyo, anachora shingo na mikono. Lugha yao hakuijua, ila mavazi yao aliyasoma kama kitabu.

Alhamisi moja akabonyeza rimoti, filamu hakuna. Kiooni maneno matatu tu: "Chaneli hii imeondolewa."

Akasoma tena. Imeondolewa. Hawakuandika imeondoka. Basi yupo aliyeiondoa, na jana yake rimoti alikuwa nayo mkwewe, akitafuta taarifa ya habari.

Wenzake wa sala ya kila Alhamisi walikuwa wameshafika, wanawake watano, wamejaa sebuleni. Mkwe akaingia na sinia la chai.

"Mama, sukari nimeiweka pembeni."

"Kaa na sukari yako!" Bi Pindo akang'aka. "Chaneli yangu umeipeleka wapi?"

"Chaneli gani tena, mama?"

"Usijitie hamnazo. Imeandikwa pale, imeondolewa. Kwani ina miguu? Sema tu ukiniona nimestarehe roho inakuuma."

Mmoja wa wageni akaguna. "Wakwe wa siku hizi, dada, ukiwapa shubiri wanachukua pima."

Wakacheka. Mkwe akalitua sinia taratibu, vikombe visigongane. "Sijaigusa, mama," akasema, akarudi jikoni. Bi Pindo akafumba macho, akaongoza sala.

Jumamosi alikwenda kwa yule shoga yake, mke wa seremala, kumpima gauni. "Hebu tuwekee filamu zetu," alimwambia, "nikuoneshe mkono nitakaokushonea."

"Zetu za wapi? Kwani hujui? Wenyewe wameifunga, huko huko zinakotoka." Shoga akabonyeza, na maneno yakatokea, yale yale matatu. "Kila nyumba ndiyo hivi. Sisi watu wa zamani hawana haja nasi."

Bi Pindo akaukunja utepe wake wa kupimia. Amemsingizia mtoto wa watu, kisha kwa kinywa kile kile akamwita Mungu! Gauni hakulipima. Aliaga, akatembea akiwa ameinamisha uso kama aliyeangusha sindano njiani.

Nyumbani, mkwe alikuwa chumbani anakunja nguo.

"Mwanangu, nimekukosea. Hukuiondoa wewe. Wameifunga wenyewe."

"Yameisha, mama."

"Hayajaisha. Nilikuaibisha mbele za watu. Nikikuomba radhi hapa chumbani, nitakuwa nimejionea huruma mimi."

Alhamisi iliyofuata, wale watano walipokaa, alimwita mkwe, akasimama mbele yake.

"Mlicheka kwa sababu yangu," aliwaambia wenzake. "Huyu hakugusa kitu. Nilisoma neno moja, nikalitafutia mwenye kosa. Mwanangu, nisamehe."

Kila mmoja akakitazama kikombe chake.

"Niliumia, mama," mkwe akasema, bila ukali. "Lakini nimekusamehe."

Bi Pindo akaitikia kwa kichwa, macho chini. Wakamwomba aongoze sala kama kawaida.

"Leo aanze mwingine," akasema.