Bomba la Temeke Nililolipitisha

Siku yangu ya kwanza katika idara ya maji, enzi za Mwingereza, nilipangiwa Kurasini chini ya fundi mkuu, mzee wa Kizaramo asiye na maneno mengi. Alinikabidhi spana, akasema, "Mwanangu, nyumba inayouzwa hudanganya. Ukuta uliopakwa chokaa juzi, ugonge."

Yeye ndiye aliyenifundisha ukaguzi. Unafunga mifereji yote, kisha unatazama mita. Mshale ukiendelea kutembea, maji yanavuja chini kwa chini. Halafu unalifuata bomba kutoka barabarani mpaka jikoni, ujue limepita umbali gani na shimo la choo.

Baadaye nikahamishiwa Temeke, kwa Bwana Mkaguzi, Mzungu. Huko nilitumwa kukagua nyumba ya karani wetu mkuu, aliyekuwa akimuuzia mwalimu mmoja kutoka bara. Nilichimba uani. Bomba lilipita ubavuni mwa shimo la choo, limeliwa na kutu hadi kutoboka. Maji yakikatika, bomba la namna hiyo huvuta uchafu ndani. Yakirudi, huufikisha mtungini. Nikaandika hivyo.

Bwana Mkaguzi alisoma, akaichana karatasi.

"Andika upya. Karani anahama Ijumaa."

"Bwana, watu watakunywa maji yale."

"Kazi unaitaka au huitaki?"

Nikaandika kwamba bomba ni zima. Nikasaini.

Siku ya kukabidhiana nyumba, mwalimu alinivuta pembeni. "Ndugu yangu, wewe ndiye mjuzi. Maji haya tunywe?"

"Kunyweni tu, Mwalimu," nikajibu, macho yangu kwenye viatu vyake.

Mvua hazijaisha, Neema, binti wa yule mwalimu, akafa kwa homa ya matumbo. Nilikwenda msibani. Mama yake aliniuliza mbele ya watu, "Ulijua?"

"Nilijua, mama."

Mwalimu aliinuka, akanifungulia mlango nitoke. Jumapili nilirudi na bomba jipya begani, ili nilibadilishe lile bovu kwa mikono yangu. Nilibisha hodi mpaka jirani akaniambia niondoke.

Karani alipandishwa cheo. Bwana Mkaguzi alirudi kwao na heshima zake. Mimi nilistaafu na barua ya kunisifu kwa utiifu.

Ninyi vijana mnaokagua nyumba siku hizi, msije mkasema mliagizwa. Mie nimejiambia hivyo miaka yote, na haijanisaidia. Katika ripoti ile jina la Bwana halimo. Limo langu, kwa mwandiko mzuri.