Kimo cha Mama

Nilipokuwa mtoto kule Ijumbi, tulipanga mistari shuleni kwa kimo, na mimi hadi darasa la nne nilisimama mbele kabisa. Bibi, mama yake baba, alikuwa na maelezo: nilirukwa. Kwetu iliaminika kwamba ukimruka mtoto aliyelala, hakui tena mpaka umruke upya kurudi ulikotoka. Ila nani aliniruka? Hakuna aliyekiri.

Jumapili moja baada ya ibada, bibi akaamua ukoo mzima uniruke. Alinilaza uani, kwenye mkeka wa kuanikia kahawa. Baba mdogo alitangulia, akafuata shangazi ameshika gauni lake la kanisani, kisha binamu zangu, waliorudia mara mbilimbili kwa raha zao. Walicheka. Mimi pia nilicheka kidogo, halafu nikafumba macho, maana nilielewa sasa kwamba nina ugonjwa.

"Inuka."

Ilikuwa sauti ya mama, ametoka kuchota maji. Nikainuka. Mama alikuwa mfupi, akisimama na baba anamfikia kifuani. Alinivuta mbele yake, akaniwekea mikono mabegani, akamtazama mkwewe ambaye hakuwahi kumbishia.

"Mama waitu, mama yetu, huyu hajarukwa. Huu ni mwili wangu. Nimelima nao kibanja hiki cha migomba na kahawa, nimewazalia watoto watano. Mwili huu una kasoro gani?"

Baba, aliyekuwa amekaa mlangoni muda wote, akasema taratibu, "Mimi nilimwona hivyohivyo, nikamchagua."

Bibi akakunja mkeka wake. Hakulizungumzia tena.

Sikurefuka sana. Leo nafundisha sekondari hapa Bukoba, naishi Rwamishenye, na nikitaka kuandika sehemu ya juu ya ubao napanda kwenye kiti bila haraka. Wanafunzi husubiri.

Mwaka jana nilimuuliza mama kama siku ile hakumwogopa bibi.

"Niliogopa sana," alisema. "Hata mimi nililazwa hivyo utotoni. Aliyeniruka wa kwanza alikuwa mama yangu mzazi. Niliuchukia mwili huu miaka yote."

Nilikuwa nimekua nikijivunia kimo chetu, nikidhani naye anajivunia tangu zamani. Kumbe aliusifu mbele za watu mwili ambao hakuwahi kuupenda, ili mimi niupende wangu. Nami nilimwamini.