Bibi Harusi na Gari la Spoti

Jumamosi, karibu na Butali, nilimwona bwana harusi akimleta mkewe kwa kigari cha spoti cha Kijapani kinachowazidi umri wote wawili, kimeshushwa hadi tumbo linakaribia ardhi. Mbele ya tuta la barabarani akasimama.

"Mpenzi, shuka kidogo. Tukipita wawili itagusa chini."

Bibi harusi akashuka, gauni jeupe likaburura matope. Gari likavuka salama. Bwana akatoka, injini ikinguruma, akaipapasa bampa: "Pole, mama."

Shangazi wa bibi harusi, aliyekuwa kwenye gari lililowafuata, akaguna. "Kumbe huyu alikuwanga na bibi!"

Bibi harusi akavua viatu, akashika usukani. "Kuna tuta lingine mbele," akamwambia mumewe. "Na wewe ndio mzito."

Akaondoka na gari, akamwacha barabarani. Wanaodai magari haya yamezeeka hawakuona hili lilivyomkimbiza mwanamume mwenye suti.