Deni la Misenga Mwingine

Alphonsine Misenga alishona sare za shule huko Shituru. Mwaka huo alitaka mkopo anunue surjeteuse, mashine ya kufunga kingo za nguo, maana alichoka kubeba mafurushi hadi kwa fundi mwingine mjini ili akafungiwe kingo zake kwa malipo. Akaenda kwenye ushirika wa akiba na mikopo bila wasiwasi wowote.

Karani wa mikopo, Séraphin, aliandika jina lake kwenye kompyuta, akaliandika tena upya.

"Mama, jina yako iko mubaya. Kuko deni ya zamani, haikulipwaka."

"Minye sikukopaka hata siku moja."

"Ordinateur njo inasema vile."

Alijaribu ushirika mwingine. Nao walitazama orodha ileile. Habari ikatembea. Mfanyabiashara aliyezoea kumpa vitambaa kwanza, pesa baadaye, akaanza kudai pesa mkononi. Alphonsine akawa kama mtu aliyefungiwa nyumbani kwake na ufunguo ukachukuliwa na asiyemjua.

Nje ya ofisi Steve, mtu wa kuhangaikia makaratasi ya watu, alikuwa akimngoja.

"Unilipe, nitasafisha jina. Ao tukutafutie carte d'électeur ya mupya, na jina ingine."

Kitambulisho kipya cha mpiga kura, chenye jina lingine. Misenga lilikuwa jina la nyanya yake, aliyetoka Kasai akimfuata mume aliyeandikwa kazi ya mgodi. Hata hivyo Alphonsine hakumkatalia Steve papo hapo. Juma zima aliliwaza, na aibu ikamla.

Mwishowe alimwendea Séraphin, akamweleza. Karani akafunga mlango.

"Usimulipe. Mutu ya inje hawezi kufuta kitu. Weye iko na droit, njo haki yako, ya kuona kile baliandika juu yako, na kukikatala kama ni bongo, kama haiko kweli. Bila kulipa."

Wakasoma pamoja. Jina lilikuwa lake, lakini mwaka wa kuzaliwa haukuwa wake, na makazi yalikuwa Buluo. Séraphin akamsaidia kuandika malalamiko. Mkuu wake akajibu kwamba yatapelekwa makao makuu Lubumbashi, na kwamba huyo Misenga mwingine akijitokeza mambo yatakwisha upesi. Vinginevyo, kungoja.

Alingoja. Shule zikafunguliwa, zikafungwa, Lubumbashi kimya. Basi akapanda teksi-basi hadi Buluo, akauliza kanisani, akaelekezwa kwa mwanamke aliyeuza mihogo ya kuchoma karibu na gereza.

"Weye njo Alphonsine Misenga?"

"Njo minye."

"Na minye vile."

Mwanamke akacheka kwa furaha. "Shakena!" Kwa Waluba, unayeshiriki naye jina ni kama wewe mwenyewe. Akapangusa kigoda kwa kitenge chake, akamkatia muhogo wa moto. Alphonsine akaula wote kabla ya kusema kilichomleta.

Kicheko kikazimika. Yule mwanamke alikopa wakati mumewe alipokamatwa, ili amlipe wakili. Wakili akala pesa; mume yuko ndani hadi leo.

"Nikikuja kule, batanikamata na minye," alisema. "Nani atamupelekea bwana bukari ya kukula?"

"Na minye, shakena? Jina yangu itakufa?"

Mwanamke aligeuza mihogo motoni, ingawa ilikwisha kuiva.

Siku Alphonsine aliporudi ushirikani, Séraphin alimuuliza, "Ulimupata?"

Neno lilikuwa mdomoni. Angetaja tu gereza na mihogo.

"Hapana," akasema.

Jibu la Lubumbashi likaja hatimaye: deni lisingehesabiwa tena kuwa lake moja kwa moja, bali lingeandikwa kuwa linabishaniwa, na mpaka uchunguzi uishe asingepata mkopo. Hakuna aliyejua uchunguzi utaisha lini. Séraphin alimwambia ana haki ya kuuliza tena, na tena. Anauliza.

Akaingia likelemba na wanawake wa parokia, wale wanaochangishana na kupeana kwa zamu, akapangiwa zamu ya mwisho. Furushi bado analibeba hadi mjini. Mumewe Osée, mfanyakazi wa reli, ambaye hakuambiwa safari ile, haachi kumuuliza kwa nini hakwenda Buluo kumtafuta yule mwizi.

"Buluo ni kubwa," humjibu, na kuendelea kushona.