Bomba kavu lililogonga ukutani kwa mama mkwe, Sikonge

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Wale wazee wa "hii chai" leo wekeni vikombe chini. Hili limenikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, sijaonja hata togwa.

Nakaa Ng'ambo, Tabora mjini, nina duka la vifaa vya ujenzi. Si fundi bomba wa cheti, ila mabomba nayajua kwa kuyashika kila siku. Mke wangu Tabitha kwao ni Sikonge, na mama yake anaishi peke yake kule. Mmoraviani haswa, kanisani hakosi.

Sasa kwa wasiojua mambo ya kwetu: mkwe na mama mkwe ni mbali kwa mbali. Hampeani mkono. Hamtazamani usoni. Chumbani kwake hukanyagi hata kizingiti. Mimi nikifika nakaa nje, natoa shikamoo nikiangalia chini, naye anaitikia marahaba akiwa jikoni, huku kanga kaishusha mpaka kwenye nyusi. Tumeishi hivyo miaka yote na tunapendana sana tu.

Basi mwaka jana mama akapiga simu, bomba limepasuka, maji yanakula ukuta. Nyumba yenyewe ya tofali za udongo, ukiuacha siku mbili unaanguka. Mafundi wa pale wote wako porini kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Tabitha akanitazama tu, nikajua safari ni yangu.

Tukaenda wote wawili na pikipiki.

Tatizo nililikuta nyuma ya nyumba. Bomba la chuma la zamani, linatembea nje ya ukuta halafu linaingia kwenye bafu la mama, ambalo mlango wake uko ndani ya chumba chake. Nikafunga koki kubwa ya barabarani. Nikakata kipande kilichooza. Maji yote yakamwagika, bomba likabaki tupu, mdomo wazi, unachungulia ndani unaona giza.

Kiungo cha saizi ile sikuwa nacho. Tabitha akachukua bodaboda kwenda kukitafuta madukani. Mama akaingia ndani na ndoo, akasema kwa sauti ya kupita tu, "Ngoja nijimwagie maji, jua limezidi." Akafunga mlango.

Nikabaki nje peke yangu, nimeegemea ukuta.

Hapo ndipo likaanza.

Ko. Ko ko.

Ndani ya bomba. Nikadhani ni hewa, maana maji ya mgao yakirudi mabomba hugonga. Lakini wakuu, hewa gani? Koki nimeifunga mwenyewe, bomba nimelikata, ncha yake hii hapa mkononi mwangu!

Nikalishika. Likawa linatetema kidogo, na lilikuwa la baridi jamani, wakati ukuta wenyewe umeiva kwa jua.

Ko. Ko ko.

Jirani mmoja, Mama Neema, alikuwa anaanika mpunga ng'ambo ya uzio. Nikamuuliza kama anasikia. Wala hakushtuka. Akasema, "Hilo? Nyumba za mstari huu zote ziko juu ya njia ya wapagazi wa misafara ya zamani. Waliokufia njiani na mizigo yao wako humo humo chini. Lisikusumbue baba, litanyamaza."

Akaendelea na mpunga wake kama vile kaniambia habari za mvua.

Nikasali Baba Yetu, nikaikosea katikati, nikaanza upya. Wazo la kumuita mama lilinijia, nisiseme uongo. Lakini mtu anaoga! Unamuitaje mama mkwe kupitia ukuta wa bafu? Unaanza na neno gani? Nikameza.

Likagonga kwa muda mrefu. Baadaye likapungua nguvu, likawa kama kucha inakwaruza. Kisha kimya. Kile kimya kilinitisha kuliko kule kugonga kwenyewe.

Tabitha akarudi na kiungo. Nikamsimulia huku najichekesha. Yeye hakucheka. Akauliza, "Mama yuko wapi?"

"Anaoga."

"Mpaka sasa?"

Akakimbia ndani. Nikamsikia anaita, anapiga mlango, anaita. Komeo limefungwa kwa ndani. Akanipigia kelele, "Njoo uvunje!"

Nikasema, "Tabitha, ni chumbani kwa mama."

"VUNJA!"

Nikavunja. Mama alikuwa chini kwenye sakafu ya bafu, ameteleza, nyonga imevunjika, midomo imepauka. Tabitha akamfunika kanga. Mimi nikambeba mgongoni, mama mkwe wangu, mpaka kwenye bajaji. Njia nzima aligeuza uso pembeni ili asiniangalie.

Mungu mkubwa, alipona. Daktari alisema tungechelewa zaidi kidogo tungekuwa tunaongea mengine.

Alipopata nafuu nikamwambia Tabitha amuombe radhi kwa niaba yangu, kwamba nilimsikia akigonga nikafikiri ni mapepo.

Mama akajibu mwenyewe kutoka kitandani, pazia likiwa katikati yetu. "Nigonge na nini baba? Mkono mmoja niliuangukia, mwingine nimeshikilia kanga. Mimi nilikuwa nakusikia wewe unagonga. Nikasema mkwe wangu yupo, anatengeneza. Kuita niliona aibu, sina nguo. Nikamsubiri Tabitha."

Wakuu, mimi sikugonga. Nyundo haikutoka hata kwenye mfuko.

Funzo langu ni hili: heshima ya ukwe ni nzuri na sitaiacha, ila ukihisi kuna jambo, ita. Piga hodi, mtu akasirike akiwa mzima. Aibu inafutika, kaburi halifutiki.

Mafundi bomba humu, nipeni maelezo ya kitaalamu, nitayasoma yote. Na kama nyumba yako iko juu ya njia ile, tupe uliyoyasikia.

Bomba lenyewe nilikuja kuling'oa, nikaweka la plastiki. Nilidhani mama atafurahi. Akaniambia nyuma ya pazia lake, polepole, bila ukali wowote:

"Ungeliacha baba. Siku ile lilikuwa linakuita wewe, na hukuja."