Nilivyopelekwa Kericho kwa Koo Lisilouma

Nianze na ukweli, kwa sababu safari yenyewe ilianza na uongo. Mwaka huu, baada ya Pasaka, niliacha kuimba katika kwaya ya kanisa letu hapa Merigi, na sikuacha kwa sababu ya koo. Niliacha kwa sababu ya mkojo. Haya, nimesema. Anayetaka kufunga ukurasa afunge.

Nimezaa watoto watano, na yule wa tano alitoka akiwa na mabega ya mwanamume mzima. Tangu siku hiyo nikipiga chafya, kidogo hutoka. Nikikohoa, kidogo. Nikicheka, hiyo sasa ni habari nyingine. Na kwaya yetu haiimbi imesimama kama nguzo za ua. Tunaruka. Mimi ndiye mwanzishaji wa nyimbo, kwa hiyo ninaruka kabla ya wengine wote na watu wote wananiangalia mimi. Siku ya Pasaka nilitua vibaya. Sare yetu ni ya kijani hafifu, rangi isiyosaidia mtu kuficha chochote. Nilimaliza ubeti wa mwisho nikiwa nyuma ya kinanda, na kesho yake nikamwambia mwalimu wa kwaya kwamba koo linaniuma.

Kwenye kuchuma chai nilikuwa salama. Sisi wakulima wadogo wa huku tunachumiana kwa zamu, leo shamba langu, kesho lako, na kila mmoja hufunga aproni ya plastiki kiunoni kwa ajili ya umande. Ukiwa umelowa mpaka magotini, nani atauliza maji yametoka wapi? Hatari yangu huko ilikuwa moja tu, jirani yangu Rael. Huyo mama anachekesha jamani! Anaweza kumwiga pasta akikemea pepo huku simu yake inalia mfukoni, na akifika mahali pa kuvunja mbavu anachuchumaa ghafla kama mtu anayefunga kamba za viatu, na sisi tunazidi kufa kwa kicheko kwa sababu amevaa gambuti, buti za mpira. Nilihama mstari wake. Nikaenda kuchuma peke yangu huko mwisho, karibu na mikaratusi. Siku moja alinifuata.

"Mama Cheptoo, nilikukosea nini?" aliniuliza. "Siku hizi hata kucheka na mimi umekataa."

"Ni koo," nikamwambia.

Aliniangalia mdomoni, akaniangalia machoni, akarudi kwa mstari wake. Iliniuma kuliko koo lolote.

Basi koo langu likawa la kanisa zima. Nililetewa asali, tangawizi, na mizizi fulani michungu ambayo hata mbuzi wangu alikataa. Kwenye simu kukafunguliwa kundi la maombi lenye jina langu na picha ya mtu ameshika shingo. Pasta akaniwekea mikono shingoni mbele ya watu, akaamuru ugonjwa utoke. Ugonjwa ulikuwa ghorofa ya chini, na maombi yote yalikuwa yanapanda ghorofa ya juu. Nilisema amina. Ningesema nini?

Mwalimu Langat, huyo wa kwaya, ndiye aliyeumia zaidi. Alikuwa ametunga wimbo wa tamasha la Agosti, na ubeti wa pili ulikuwa wangu peke yangu, sauti inapanda, inapanda, halafu ninaruka na kwaya yote inanipokea. "Mama, kama hiyo koo haitapona, hiyo wimbo tunaacha," aliniambia kwa sauti ya mtu aliyefiwa na ng'ombe wa maziwa. Mimi nilikuwa nimekataa hospitali za hapa kwetu Bomet, maana kule ninakokujua, anayefungua faili ni binamu ya mume wangu, na binamu huyo hawezi kutunza siri hata ya mtu asiyemjua. Mwalimu akasema basi, atanipeleka mwenyewe Kericho kwa gari lake. Nilikubali. Nilijiambia nikifika huko nitajua la kufanya.

Saa kumi na mbili asubuhi, Merigi. Nilivaa skafu shingoni ili kuheshimu ugonjwa wangu, na chini nilivaa vitu ambavyo sitavihesabu hapa. Mume wangu alinifungulia mlango wa gari na kunipa limau. Mwalimu Langat alitoa masharti kabla hata ya kuwasha injini.

"Usiongee kabisa mpaka daktari aangalie. Pumzisha koo."

Saa mbili kasoro, Litein. Mwalimu ana dada yake hapo, na kupita Litein bila kuingia kwake ni kutafuta kesi ya ukoo. "Chamgei!" alitusalimia huku chupa ya chai iko tayari mkononi. Nilikunywa kikombe kimoja. Kikombe kikiisha kwa Wakipsigis hakikai hivyo, kinajazwa. Nikanywa cha pili. Cha tatu nilitikisa kichwa, naye akamwambia kaka yake, "Maskini, hata kumeza hawezi," akanimiminia cha tatu kwa huruma. Maziwa yake ni mazito na chai yake ni nyeusi kweli kweli kabla ya kuingiliwa na maziwa. Nilimaliza.

Kutoka Litein kwenda mbele ndipo safari ilipokuwa safari. Sijui ni nani aliyeamua kila duka la unga liwe na tuta lake barabarani. Tuta la kwanza nilishika kiti. La pili nilishika mlango. Nilifungua mdomo nimwambie Mwalimu asimame, akainua kidole kile cha kutuongozea kwaya, akakiweka mdomoni. "Shhh! Koo." Nikaonyesha tumbo. "Njaa? Tutakula tukirudi." Tuta la nne, tuta la tano. Nje chai ilikuwa imetandazwa vilimani, imekatwa sawasawa, na wageni husimama hapo kupiga picha. Mimi nilipiga dashibodi kwa mikono miwili. Mwalimu alikanyaga breki, nami nikaruka nje na kuingia katikati ya michai ya watu bila hodi.

Niliporudi garini aliniuliza kama nilikuwa natapika. Nikaitikia kwa kichwa. Akaandika kwenye kundi la maombi kwamba hali imekuwa mbaya.

Saa nne, Kericho. Kule kliniki kulikuwa na benchi refu limejaa watu, na Mwalimu, kwa kuwa mimi sikuruhusiwa kuongea, aliniongelea. "Huyu ndiye sauti ya Merigi!" alimwambia karani wa mapokezi na benchi zima. Mzee mmoja akanipisha nafasi kwa heshima. Nilisimama. Kukaa na kusimama mara kwa mara si kitu nilichokuwa nataka kujaribu wakati huo.

Daktari wa koo alikuwa kijana mwenye umri wa mtoto wangu wa kwanza. Alinimulika mdomoni, akanibonyeza shingo, akanisikiliza kifua. Akazima tochi.

"Mama, koo yako iko sawa kabisa. Kwani shida iko wapi?"

"Iko chini kidogo," nikasema, na ndiyo maneno ya kwanza niliyotamka tangu alfajiri.

"Kifua?"

"Chini."

"Tumbo?"

"Endelea kushuka, daktari."

Kijana aliacha kuandika. Mimi niliangalia dirisha, yeye akaangalia kalenda ukutani. Huku kwetu mama hazungumzi mambo hayo na mtoto aliyetahiriwa majuzi pamoja na mwanawe, hata kama amesomea. Nashukuru alikuwa na akili. Alifungua mlango wa ndani akaita, "Sista Atieno, kuna mama hapa ni wako."

Sista Atieno ni wa kule ziwani, mnene, wa rika langu, na haongei kwa kuzunguka. "Unavuja?" aliniuliza kabla sijakaa vizuri. Nilianza kulia. Nililia kama mjinga, na kwa kulia vile, hapo hapo nikavuja kidogo. Nikamwambia. Akacheka, halafu na mimi nikacheka, na nikavuja tena.

"Pole, dada yangu. Hiyo si laana, si uzee na si saratani," alisema. Alipima mkojo akakuta hakuna maambukizi, akanipima kwa mikono, akanieleza. Kuna misuli huko chini inayobeba kibofu, na kuzaa kunailegeza. Inakazwa kwa mazoezi. "Kaza pale unapozuia mkojo, na pale unapozuia hewa kanisani. Vuta juu. Hesabu mpaka kumi huku unapumua. Legeza. Rudia mara kumi, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Usiruke siku. Na usikunje uso, watu watajua."

Nilikaza. Nikakunja uso. Akanirekebisha, na tukarudia mpaka uso ukatulia.

"Maji kunywa kama kawaida," alimalizia. "Lakini chai upunguze. Chai inakera kibofu."

"Sista," nikamwambia, "mimi ni mkulima wa chai."

"Basi kuza. Wacha wengine wanywe."

Saa nane mchana, Litein tena. Dada ya Mwalimu alikuwa anatungoja na chupa ileile. Niliweka kiganja juu ya kikombe na kusema daktari amenikataza.

"Amekukataza chai?" aliuliza. "Daktari? Wa Kericho?"

"Amesema nipunguze."

"Huyo anatoka wapi?" Akamgeukia kaka yake. "Mrudishe. Mpeleke kwa mwingine."

Nilikubali mursik, maziwa yetu ya mgando, nusu kikombe ili tuachane kwa amani. Garini Mwalimu alitaka maelezo kamili, nikamwambia kwamba koo ni zima na nimepewa mazoezi ya misuli. "Si nilijua!" alisema huku anapiga usukani kwa furaha. "Ni misuli! Siku zote nawaambia!" Nilikuwa karibu kumweleza ni ipi. Lakini alikuwa ameanza kuuimba ubeti wangu wa pili, kwa sauti ya kike, matuta yote mpaka Kaplong, na sikuwa na moyo wa kumkatiza.

Jumapili, Merigi. Pasta aliniita mbele nitoe ushuhuda. Hapo nilisita, kwa sababu kumdanganya mwalimu wa kwaya ni jambo moja, na kudanganya madhabahuni ni lingine. Nilishika kipaza sauti nikasema ukweli mtupu: "Daktari ameangalia koo langu lote kwa tochi, na hakuona ugonjwa wowote."

Kanisa lililipuka. Haleluya ilipigwa mpaka mabati yakaitika. Mama aliyeleta mizizi michungu alizunguka kanisa akicheza. Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Rael alikaa na mikono yake mapajani, akiniangalia vilevile alivyoniangalia siku ile ya mikaratusi, na nikaona kwamba nimerudi kutoka Kericho na dawa, lakini rafiki bado sina.

Jumatatu tulichuma kwake. Nilienda nikasimama katika mstari wake, nikamwambia kila kitu, kuanzia mtoto wa tano mpaka michai ya watu kule barabarani. Sikumwangalia. Nilichuma majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, nikaongea na kikapu.

Rael alitua kikapu chake chini.

"Mama Cheptoo," alisema mwishowe, "kwani umewahi kuona gambuti yenye kamba?"

"Hapana."

"Basi unafikiri nikichuchumaa huwa nafunga nini?"

Nilimtazama. Miaka yote hiyo! Mwanamke huyu alikuwa anajibana, na sisi tukidhani ni maigizo. Mimi nilisafiri mpaka Kericho nikiwa na skafu na limau ili nisijulikane na watu ambao shida yangu walikuwa nayo pia, mistari miwili kutoka kwangu. Kama ningekaa pale nikacheka na kulowa kwa imani, ningegundua mapema zaidi. Nilimwonyesha zoezi hapo hapo. Akakaza, akakunja uso, nami nikamrekebisha.

Rael hajawahi kukaa na kitu kizuri peke yake. Kufikia Alhamisi mstari wote ulikuwa unakaza. Mama wa mizizi michungu alikuja kuniuliza kwa kunong'ona kama kwa umri wake bado inafaa. Mke wa pasta alinipigia simu "kwa niaba ya rafiki yake".

Mwisho wa Julai tulikuwa kwenye foleni ya kituo cha kununulia chai, akina mama kumi na wawili, vikapu mgongoni, macho mbele, kimya kabisa. Karani aliacha mizani.

"Akina mama, kwani leo kuna nini? Kuna matanga?"

"Tunaomba, karani," Rael akamjibu bila kupepesa.

Karani akavua kofia, akainamisha kichwa, akangoja. Sisi tukafika saba, nane, tisa. Kwenye kumi Rael akasema, "Amina, legezeni," na yule kijana wa watu akaitikia amina kwa moyo wote.

Tulicheka mpaka vikapu vikaanguka. Rael hakuchuchumaa. Mimi aproni nilikuwa nimeiacha nyumbani, maana hakukuwa na umande wiki hiyo, na nilikuwa nimevaa sketi yangu ya kijani hafifu. Nilipomaliza kucheka nikaanza ubeti wa pili, palepale mbele ya mizani, nikapanda nao mpaka juu kabisa, nikaruka, na nikatua mkavu.